Zulia la Vichwa Vitatu

Siku aliyokufa Kiongozi, Aisoltan alikuwa amefika shingoni. Koti alishamaliza kulifuma, na tai, na zile nishani tano za dhahabu kifuani, kila moja na miale yake, na asubuhi hiyo ndiyo kwanza alikuwa ameanza ukosi wa shati. Redio ya jirani ikaacha nyimbo za sifa ikaanza kupiga muziki wa taratibu, wa vinanda vitupu, hauna maneno. Mzee Annamurat alikuwa uani anapasua kuni za tanuri la mkate. Akasimamisha shoka juu. Miaka ishirini redio ile haijawahi kumaliza dakika kumi bila kulitaja jina la yule mtu. Ikinyamaza, ujue kuna jambo.

Jirani yake Tagan akachungulia juu ya ukuta, uso umemparama, akanong'ona kwamba ni kweli, ni moyo, alfajiri ya leo. Kisha akatazama huku na huku, akapasua kilio mpaka mtaa wa pili wakasikia. Annamurat naye akalia. Maana kulia siku ile kulikuwa kama kodi: huulizwi una huzuni kiasi gani, unaulizwa umelipa au hujalipa. Ila machozi ya mzee yalikuwa ya kweli, hakuyakamua. Tofauti tu ni kwamba hakuwa anamlilia mtu. Alikuwa analilia zulia.

Mwanawe Begench alikuwa gerezani mwaka wa tatu, katika sita aliyopewa. Kosa lake, aliuza matikiti kando ya barabara, mteja akataka kipande tu, akamfungia kwenye gazeti, na kwenye gazeti kulikuwa na picha ya Kiongozi. Sasa niambie, gazeti gani lilikuwa halina? Basi mkuu wa wilaya, Bwana Hudainazar, akaja mwenyewe na ahadi. Alisimama juu ya mkeka na viatu vyake, akasema mkwe wako ana mikono ya marehemu mama yake, sote tunajua, anifumie uso wa Kiongozi, urefu wa mtu na nusu, uwe tayari sikukuu ya machipuko. Mimi nitaliandika jina la Begench kwenye orodha ya msamaha.

Kwa watu wale kitanda cha kufumia hulazwa chini, kimekazwa kwa vigingi vinne, na mfumaji huketi juu ya kile alichokwisha kufuma, akisogea mbele kadiri zulia linavyokua. Ndivyo walivyofuma bibi zao na bibi za bibi zao. Mkuu alipong'amua kwamba mwanamke atakuwa amekalia kifua cha Kiongozi, jasho likamtoka, akaamuru uwekwe ubao juu ya matofali. Aisoltan akafuma miezi mitano amejikunyata juu ya ubao kama kuku kwenye kijiti, mgongo ukamwuma, hakusema neno.

Na kusema angesemaje? Mke wa mwana, kwa mila yao, haongei mbele ya baba mkwe. Hung'ata pindo la ushungi wake kati ya meno, na hivyo ndivyo anavyopika, anavyofagia, anavyomwaga chai. Mama mkwe alipokuwa hai ndiye alikuwa akibeba maneno huku na kule. Alipofariki, nyumba ikabaki na watu wawili wasioweza kuongea, mpaka ikapatikana dawa: birika. Aisoltan huligeukia birika, akanong'ona pembeni mwa pindo, “Birika, mwambie Baba mkate umeiva.” Na mzee hujibu, “Birika, mwambie mwanangu Mungu ambariki.” Wakaishi hivyo vizuri tu.

Siku hiyo ya msiba Aisoltan aliweka chini kitana cha chuma cha kushindilia nyuzi, akaliangalia birika muda mrefu.

“Birika, muulize Baba, niendelee au nisimame?”

Annamurat alikuna ndevu. “Mwambie,” akasema, “leo hata mawaziri hawajui.”

*

Siku ya tatu akatokea Hudainazar. Macho mekundu, kitambaa cheusi kwenye mkono, na chini ya koti kitu cha bapa kimefungwa kwa taulo. Alifunga mlango mwenyewe, kisha akafunga na dirisha. Kwenye taulo mlikuwa na picha ya mwenyekiti wa bunge. Alieleza kwamba katiba iko wazi, Kiongozi akifa nchi inashikwa na huyu, na wilaya itakayokuwa ya kwanza kumpelekea uso wake itakumbukwa. Akasema hakuna haja ya kuanza upya.

“Koti lile lile. Badilisha kichwa tu.”

“Na nishani, bwana mkuu?” Annamurat akauliza.

“Nishani zina nini?”

“Si alipewa yule? Huyu hajapewa.”

“Atapewa. We mzee unadhani atakaa na kifua kitupu?”

Mzee akaliuliza lile la Begench. Mkuu akamshika bega, akamwambia orodha iko mezani pake, jina la Begench ni la tatu kutoka juu, na msamaha wa kwanza wa mkubwa mpya lazima utakuwa mnono, wakubwa wapya hupenda kusamehe. Annamurat akambusu mkono. Hilo alikuja kulikumbuka baadaye, na kila alipolikumbuka alijipangusa midomo.

Aisoltan akafuma. Kidevu kipya, kipana zaidi, midomo, masharubu. Mwenyekiti alikuwa na masharubu mazito na ilibidi Aisoltan apake sufu rangi upya kwa maganda ya komamanga ili weusi ulingane. Masharubu yakakaa vizuri, hata Annamurat alikiri moyoni kwamba yanaheshimika. Wiki ya pili haijaisha, televisheni ikamwonyesha mtu mwingine kabisa ndiye anayesimamia mikutano, naibu waziri mmoja hivi ambaye watu walikuwa hawamjui hata kwa jina. Baadaye likasomwa tangazo refu: mwenyekiti wa bunge amekamatwa, kumbe alikuwa akimtesa mke wa mwanawe na akivunja heshima ya bunge, na mengine.

Kabla chai haijapoa, dereva wa mkuu alikuwa mlangoni. Akachukua picha, akachukua na taulo. “Bwana mkuu hajawahi kufika hapa na picha,” akasema. “Na hicho kichwa kateni. Leo.”

Kichwa cha zulia hakikatwi kama cha kondoo. Kila fundo huchomolewa kwa sindano ya ndoana, safu kwa safu, kurudi mpaka shingoni, na mafundo yenyewe ni maelfu. Mkono mmoja hautoshi. Annamurat akavua kofia yake kubwa ya manyoya, akaketi kwenye ubao kando ya mkwe wake, akaanza kuchomoa. Mwanamume wa pale hagusi zulia likiwa kitandani, ni kazi ya kike na watu huchekana sana kwa hilo. Na kweli Tagan alimchungulia akamwona.

“Nasikia kwako siku hizi kuna kinyozi,” Tagan akasema. “Ananyoa kuanzia shingo.”

Wakacheka wote wawili mpaka Tagan akashika ukuta. Halafu kwa pamoja wakageuka kutazama barabara. Sufu ya masharubu wakaijaza kwenye mto.

*

Picha ya tatu ilikuja kwenye bahasha ya serikali, ina muhuri, kwa hiyo safari hii walikuwa na uhakika kidogo. Huyu hakuwa na masharubu. Uso mviringo, mashavu laini. Redio nayo ikaanza neno jipya, mageuzi. Mwaka wa kumi wa shule utarudishwa. Wazee waliokatiwa malipo ya uzeeni watarudishiwa. Watu walisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa, kama mtu anayepewa zawadi na yule aliyempiga jana. Tagan alisema yeye ataamini siku sanamu ya dhahabu pale njia panda ikiondolewa. Sanamu ilikuwa imesimama pale pale, ila walikuwa wameacha kuipangusa vumbi.

Annamurat akaona kama ni mageuzi, basi hata yeye anaweza kwenda kuuliza. Jumanne akavaa joho lake la sikukuu, akaenda ofisi ya wilaya. Akasimama kwenye ukumbi toka saa mbili mpaka saa nane. Aliyekuja nyuma yake na begi la ngozi aliingia mbele. Aliyekuja na mfuko unaonuka samaki akaingia pia. Mwisho mwanadada mmoja wa masijala, mpya kazini, anakula mbegu za alizeti, akamhurumia akamwita ndani. Akamkalisha kwenye kiti na kumwita babu. Huruma nayo inaumiza, usione.

Akamweleza kwamba orodha zote za zamani zimefutwa, sasa kuna tume, kila jina litapendekezwa upya na mkuu wa wilaya. Mzee akasema haidhuru, jina la mwanawe lilikuwa la tatu, bila shaka litakuwa la tatu tena. Yule binti, kwa nia njema kabisa, akafungua kabati ili amwonyeshe apate kutulia. Akapitisha kidole. La tatu lilikuwa la shemeji wa dereva wa mkuu. Akashuka mpaka chini. Akapanda tena juu, safari hii polepole, akiacha kutafuna.

“Labda babu waliliandika kwa namna nyingine,” akasema.

“Labda,” Annamurat akasema. Akamshukuru, akamwombea mume mwema, akatoka. Alifika ngazi za nje ndipo akahisi upepo kichwani, kofia ameisahau. Akarudi. Wale wa ukumbini walikuwa wameshaivalisha kwenye ndoo ya mfagizi, wanacheka. Aliichukua, akacheka nao, akaenda zake kwa miguu kilomita saba.

Nyumbani Aisoltan alikuwa amemaliza midomo. Birika likauliza, je, Baba amepata habari gani mjini. Annamurat akasema kuna foleni ndefu tu. Angesema nini? Mkwe wake alikuwa na vidole vimepasuka, amebakiza pua na macho. Alijiambia atamwambia kesho. Kesho akajiambia vile vile.

*

Jumapili Hudainazar akaja kukagua. Pua ilishakamilika na mashavu yalikuwa yamepanda mpaka chini kidogo ya macho. Mkuu akazunguka zulia kwa furaha, akasema siku tisa zimebaki, wilaya zote zinapeleka zawadi siku ya kuapishwa, wilaya jirani wanapeleka farasi, na farasi ni nini, farasi hula. Zulia hukaa ukutani.

Annamurat alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Jumanne. Alikuwa ameyapanga usiku, ameyapanga akikama ngamia, ameyapanga mpaka ngamia wakayazoea. Akafungua kinywa, na kilichotoka ni, “Karibu chai, bwana mkuu.”

Mkuu akaketi. Akanywa. Akasema Begench anawasalimu, ana afya njema, na jina lake bado ni lile la tatu.

“Macho sifumi.”

Annamurat alilitazama birika. Wallahi aliliangalia birika kwanza. Kisha akageuka, akamwona Aisoltan ameketi kwenye ubao wake, pindo la ushungi limeanguka kifuani, kinywa wazi, kinywa ambacho katika miaka minne yeye baba mkwe hajawahi kukiona. Kilikuwa kinywa cha kawaida tu, kimekauka midomo.

“Jina lake halimo,” Aisoltan akamwambia mkuu. “Mke wa Chari ulimwahidi la tatu. Mama wa Nuri ulimwahidi la tatu. Na mimi la tatu. Kila mwanzo wa mwezi tunasimama pamoja lango la gereza na vifurushi vyetu. Ulidhani tunaongea habari za mvua?”

Hudainazar hakumjibu. Mwanamke wa watu hajibiwi. Akamgeukia mzee, sauti imepoa kabisa. “Annamurat, nyumba hii haina mwanamume? Mkwe wako anafungua kinywa mbele ya ndevu zako.”

Tusi hilo kwa watu wale ni zito, wapo waliochomana visu kwa dogo kuliko hilo.  Mzee akamkumbuka yule binti wa masijala na kidole chake. Akaikumbuka na chai aliyoikaribisha.

“Mwanamume wa nyumba hii uko naye wewe, bwana mkuu,” akasema. “Mlete, umuulize.”

Mkuu akainuka. Akasema kuna wafumaji mia wilaya nzima, kesho analeta wawili wamalizie. Aisoltan akamwambia awalete tu, lakini fundo lake yeye hukaza kushoto, na mkono wa pili juu ya uso mmoja hujulikana hata na kipofu, kwa hiyo mkubwa wake atafika kwenye kiapo amepooza upande. Mkuu alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama pale kidogo, kama mtu anayepiga hesabu, akatoka bila kufunga.

 Magari mawili yakapita barabarani, na kila lilipopita walisubiri lisimame, hayakusimama. Mwishoni Aisoltan akaokota pindo lake, akaling'ata tena, akawasha moto wa chai. Annamurat alikohoa.

“Birika,” akasema, “mwambie mwanangu mimi nilijua tangu Jumanne. Nikanyamaza.”

Maji yakaanza kuimba. Aisoltan aliyatazama mpaka yakachemka.

“Birika, mwambie Baba mimi nilijua tangu vuli.”

Vuli. Wakati huo hata koti lilikuwa halijaanza, ni pindo la chini tu la zulia. Mzee hakuelewa. Miezi mitano juu ya ubao, kukata kichwa, kupaka rangi, kukata vidole, kwa ahadi ambayo anajua ni bure? Akauliza kwa nini.

“Mwambie nilikuwa nangoja nifike kwenye macho.”

*

Siku ya tatu dereva akaleta karatasi. Ilikuwa na muhuri, jina la Begench limepigwa taipu, namba moja kabisa. Annamurat akampa mkwe wake. Aisoltan hakuichukua. Kupitia birika akasema karatasi haina miguu, yeye anangoja kitu chenye miguu, kikifika atamaliza macho.

Siku ya sita, zimebaki tatu, gari likasimama mbele ya nyumba likamshusha mtu, likaondoka bila kuzima mashine. Annamurat alidhani ni mzee mwenzake anayeomba njia. Nywele mvi, meno ya mbele hayapo, joho linamning'inia. Ni mpaka aliposema “Baba” ndipo mzee akajua.

Aisoltan alimwona mumewe mlangoni. Hakukimbia. Alisimama akamwangalia kuanzia miguu mpaka kichwa, kama mtu anayehakikisha amerudishiwa chote, kisha akaketi juu ya ubao akaanza jicho la kushoto. Aliahidi, na ahadi yake haikuwa kama ya mkuu. Alifuma siku mbili bila kulala sawasawa, Begench amelala pembeni amegeukia ukuta.

Ndani ya siku hizo mbili Begench alisema maneno machache tu, na mengi yalikuwa ya kuomba maji. Lakini mara moja aliinuka, akalitazama lile lijitu limelazwa katikati ya nyumba yao, linang'aa, linatabasamu.

“Nimekaa miaka mitatu kwa picha,” akasema. “Narudi nakuta picha imekaa mahali pangu.”

Aisoltan mkono ukasimama. Annamurat alitaka kumweleza mwanawe habari yote, shingo, masharubu, ubao, vuli. Akaona haielezeki kwa mtu ambaye bado anaficha mkate chini ya mto. Akasema tu, “Usiseme hivyo, mwanangu. Hujui limekaliwa na nani.” Begench akageukia ukuta.

Zulia likakatwa vigingini, likaenda. Waliliona kwenye televisheni, kwa mbali, nyuma ya farasi. Kabla mwezi haujaisha Hudainazar mwenyewe akaondolewa, ikasemwa ni mageuzi, na mahali pake akaja kijana mwenye nywele zilizochanwa vizuri. Huyu alitangaza mkutanoni kwamba mambo ya kuabudu picha yamepitwa na wakati. Watu wakapiga makofi. Nyuma yake ukutani, pale ilipokuwa picha ya zamani, rangi ilikuwa na mraba mweupe, na picha mpya ilikuwa ndogo kidogo, haikuuziba wote.

Asubuhi moja Annamurat akasikia mtu anagonga lango. Ni mwanamke wa makamo, vumbi mpaka magotini, ametoka mbali upande wa mfereji, amebeba furushi la sufu mgongoni. Hakutaka kuingia. Alimsalimia mzee akiwa ameinamisha macho, akasema samahani, amesikia katika nyumba hii yupo bibi anayejua kufuma nyuso. Yeye anajua kufuma maua tu. Mkuu mpya amepita kijijini kwao kimya kimya, akamwachia picha, ndogo tu, amesema, isiyo na makelele. Angeomba afundishwe macho.

 Kabla Annamurat hajajibu, Begench akatoka ndani, shati halina vifungo, akasimama nyuma ya baba yake akimtazama yule mama na furushi lake. Aisoltan naye alikuwa kizingitini, pindo kinywani.

“Nani wako yuko ndani?” Begench akauliza.

“Mume.”

“Amekaa muda gani?”

“Ukifika msimu wa pamba utakuwa mwaka wa tisa.”

Begench alitikisa kichwa polepole. Akampokea mama yule furushi, akalipeleka ndani mwenyewe. Kisha akatoka tena, akapita mbele yao bila kusema kitu, akaenda banda la nyuma. Wakasikia anapekua mabati na majembe. Aliporudi alikuwa na nyundo mkono mmoja, na kwapani amekumbatia vile vigingi vinne vya zulia.